Baiocha ya magunzi: mwongozo kamili, kuanzia shimo la kuchomea mpaka kwenye shina la muhindi

Kila msimu baada ya kupukuchua mahindi utaona malundo ya magunzi pembeni ya mashine, yanaachwa pale mpaka mtu anakuja kuyatia kiberiti yanabaki majivu, upepo unapeperusha na basi. Yale magunzi yangeweza kukaa kwenye udongo wako miaka na miaka yakishika maji na mbolea. Sasa hapa naeleza jinsi ya kuyageuza kuwa baiocha, yaani mkaa wa kuweka shambani, kwa njia ya shimo ambayo haikugharimu chochote zaidi ya jembe, chepe, maji na nusu siku ya kazi. Nazungumzia zaidi wakulima wa nyanda za juu kusini, Mbozi, Mbeya vijijini, Njombe, huko kwenye mahindi mengi na sehemu nyingi udongo ni mwekundu una asidi, ila ukiwa kwingine unaweza kufuata hivihivi ukabadilisha malighafi tu.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini. Ukichoma gunzi kwenye hewa ya kutosha linaisha lote, unabaki na majivu. Ukilichoma hewa ikiwa kidogo, joto kama nyuzi 400 mpaka 700, gesi zinatoka zinaungua na kinachobaki sehemu kubwa ni kaboni yenye vitundu vidogo vidogo mno, na hiyo kaboni wadudu wa udongoni hawaiwezi kirahisi, ndo maana haiozi kama mboji. Wenyeji wa Amazon kule Brazil walichanganya mkaa, mabaki ya chakula, mifupa na taka za nyumbani kwenye udongo wao, na ule udongo mweusi mpaka leo una rutuba kuliko udongo wa pembeni yake, mwingine una umri wa zaidi ya miaka 2000. Angalia lakini, hawakuweka mkaa peke yake. Hilo ndo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: baiocha SIO mbolea. Ni ghala. Ukiweka ghala tupu shambani litajijaza lenyewe kwa kunyonya naitrojeni iliyopo kwenye udongo, na mahindi yako yanaweza kuwa ya njano, alafu utasema baiocha ni uongo. Inatakiwa ilishwe kwanza.

UDONGO WAKO UNAIHITAJI?

Baiocha nyingi ina pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ya juu, 8 mpaka 10 hivi, kwahiyo inapunguza asidi. Kwenye udongo wa asidi, uliochoka, au wa kichanga unaopitisha maji haraka, hapo utaona faida. Magharibi mwa Kenya kuna utafiti ulichapishwa 2008, walilinganisha mashamba yaliyolimwa miaka michache na yale yaliyolimwa miongo mingi mpaka karibu miaka mia, na baiocha iliongeza mahindi karibu maradufu kwenye yale yaliyochoka kabisa wakati kwenye mashamba mapya faida ilikuwa ndogo. Kwahiyo kama shamba lako bado linazaa vizuri bila shida usitegemee maajabu.

Kuna sehemu usiweke. Udongo wa magadi, mfano zile tambarare za chini huko Moshi, utazidisha tatizo. Chai nayo inapenda asidi, kama uko Rungwe na una chai iache kama ilivyo. Viazi mviringo pia kuwa makini, pH ikipanda sana vinapata ukoko kwenye ganda. Kama unaweza pima udongo kwanza, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano Tanga ndo kituo cha utafiti wa udongo na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine Morogoro, wana maabara, na hata ukiuliza afisa ugani wako pengine ana kile kipimo cha pH cha mkononi. Ikisoma chini ya 5.5, endelea.

MALIGHAFI

Kanuni yangu hapa haina mjadala: tumia taka, usikate mti. Ukikata mti ili utengeneze baiocha umeshapoteza maana yote. Magunzi ni mazuri sana kwasababu yana ukubwa wa wastani, yanakauka haraka na mara nyingi hayana kazi nyingine. Vingine vinavyofaa ni mabua ya mbaazi, matawi ya kupogolea kahawa, vifuu vya nazi kwa watu wa Pwani (vivunje vipande), mianzi iliyozeeka. Mabua ya mahindi mimi nasema yaache shambani yafunike udongo au wape ng'ombe, yana kazi yake tayari. Na kama nyumbani magunzi ndo kuni za mama za kupikia, usimnyang'anye, utafute kwingine, kwenye mashine za kupukuchua huwa yapo ya bure.

Usiweke kabisa mbao zenye rangi au dawa, plastiki, viroba, matairi. Sumu yake itaishia kwenye chakula chako.

Ukavu ndo kila kitu. Malighafi mbichi inatoa moshi mwingi, na ule moshi una methani ambayo inapasha dunia joto vibaya kuliko hewa ukaa yenyewe, kwahiyo unaharibu ulichokuja kutengeneza. Anika juani wiki mbili au tatu, weka chini ya bati usiku. Gunzi kavu ukilivunja linakatika kwa mlio, likipinda kwanza au ukihisi unyevunyevu katikati bado. Kama una matawi, yasizidi unene wa mkono wa mtoto, mazito yanabaki na kuni mbichi ndani.

Hesabu kidogo. Mahindi kilo 100 yanatoa magunzi kama kilo 15 mpaka 20. Ukivuna gunia 15 una magunzi kilo 225 mpaka 300, na kwa njia hii ya shimo unapata baiocha kama sehemu moja ya tano ya uzito, tuseme kilo 50. Kumbuka hiyo namba tutairudia.

KUCHIMBA SHIMO

Shimo lina umbo la bakuli la koni, juu pana chini jembamba. Kwa familia moja chimba juu kipenyo mita 1, kina sentimita 60, chini kipenyo sentimita 50. Hilo linabeba kama lita 275, yaani debe 13 hivi za baiocha. Kuta zilainishe na uzigonge na mgongo wa chepe ziwe ngumu zisiporomoke. Udongo uliotoa usiutupe, uzungushie ukingoni kama tuta la sentimita 15, unasaidia kuzuia upepo na utauhitaji mwishoni kama maji ni haba.

Hili umbo halikubuniwa hovyo. Mwaka 2014 kule Uswisi taasisi ya Ithaka walitengeneza tanuri la chuma la umbo la koni wakaliita Kon-Tiki, na baadae ikaonekana shimo tu la udongo linafanya kazi ileile. Siri yake ni kwamba moto uko JUU. Miali inakula hewa yote inayoshuka, kwahiyo makaa yaliyoko chini hayapati oksijeni ya kugeuka majivu, na gesi zinazotoka chini zinapita kwenye miali zinaungua, ndo maana likichomwa vizuri halina moshi. Tanuri la kawaida la mkaa ni tofauti kabisa, lile limefukiwa na linatoa moshi siku nzima.

Chagua sehemu mbali na nyumba, nyasi kavu na miti, angalau mita 10, fyeka na ufagie pembeni. Usichome siku ya upepo. Waambie majirani na mwenyekiti wa kitongoji kabla, maana vijiji vingi vina sheria ndogo za moto na mtu akiona moshi anaweza kukimbilia polisi. Watoto wasikaribie, na usifanye hii kazi ndani ya banda lililofungwa hata siku moja, hewa ya makaa inaua bila harufu.

KUCHOMA

Andaa maji kabla hujawasha, sio baada. Kwa shimo hili lita 100 mpaka 150, pipa moja linatosha. Vaa viatu vya kufunika, suruali, na kitambaa puani.

Katikati ya shimo panga vijiti vyembamba vikavu kama unajenga kisanduku, vinapishana pishana mpaka karibu usawa wa ukingo, washa JUU yake, sio chini. Moto unashuka wenyewe polepole. Vikishaanguka na kuwa makaa mekundu yaliyotandaa chini yote, hapo ndo unaanza kuweka magunzi, safu nyembamba tu, ya kufunika makaa, basi. Subiri.

Sasa hapa ndo wengi wanafeli, wanaona kazi inachelewa wanamwaga ndoo nzima kwa pamoja, moto unazimika juu, moshi mweupe unajaa kijiji kizima. Soma moto wako: magunzi ya juu yakishaungua na ukaona yameanza kupata ungaunga wa majivu meupe pembeni, hiyo ni ishara hewa imeanza kula makaa, ongeza safu nyingine hapohapo. Ukichelewa unapoteza kaboni, ukiwahi unapata moshi. Kwa magunzi makavu kila safu inachukua dakika chache tu, kwahiyo huwezi kuondoka ukaenda kunywa chai, mtu mmoja lazima akae palepale, na wakiwa wawili wanapokezana ni vizuri zaidi. Moshi ukitokea acha kuongeza, tandaza kwa fimbo ndefu, miali ikirudi endelea. Shimo hili linajaa kwa masaa mawili mpaka matatu.

Ukifika karibu na ukingo subiri safu ya mwisho iwake yote mpaka miali mirefu ya njano iishe, ibaki ile mifupi ya bluu na majivu kidogo juu. Zima. Mwaga maji taratibu kuanzia pembeni kuja katikati, kaa upande wa upepo unakotoka maana mvuke ni mkali unaunguza, geuza kwa chepe, mwaga tena, mpaka usisikie mlio wa "shaa" popote. Usiseme imezima kwasababu juu ni nyeusi. Kama una mkojo wa ng'ombe au maji ya samadi yaliyochujwa unaweza kuzimia hayo kwenye mwaga wa mwisho, inaanza kulishwa palepale.

Maji yakiwa shida, funika na ule udongo wa ukingoni sentimita 15, gonga usiache tundu hata moja, fungua kesho yake jioni na uwe na ndoo ya maji mkononi, maana kipande kikiwa kimebaki na moto kikipata hewa kinawaka upya. Vyovyote utakavyozima, usiipakie kwenye magunia siku hiyohiyo ukaweka stoo. Iache nje usiku mzima, nyumba zimeungua kwa uzembe huo.

Wenye pumba za mpunga, Mbarali, Kyela, Kilombero: shimo halifai, pumba zinajibana zinazima moto. Nyie tumieni bomba la bati lililotobolewa matundu mengi, washa moto wa kuni ndani ya bomba, rundika pumba kulizunguka, zitaanza kuwa nyeusi kuanzia ndani kwenda nje. Weusi ukikaribia nje geuza kwa chepe, ukiona kote nyeusi mwagia maji haraka kabla hazijawa kijivu. Inatoa moshi zaidi ya shimo, huo ndo udhaifu wake.

KUIPIMA KWA MIKONO

Chukua kipande paka kiganjani, nawa kwa maji matupu. Weusi ukitoka bila sabuni ni nzuri, ukibaki utelezi wa mafuta ina lami, haikuiva. Kipande kizuri kikianguka kwenye jiwe kinalia kama kigae, na hakinuki moshi. Ukikuta gunzi la kahawia ndani litupe kwenye uchomaji ujao. Alafu jaribu kuotesha: makopo mawili, moja udongo mtupu, jingine udongo uliochanganywa na baiocha sehemu moja kwa kumi, panda mchicha, zikiota sawa baada ya siku kadhaa endelea bila wasiwasi.

Ponda ikiwa na unyevu, vumbi lake sio zuri kwa mapafu. Iweke kwenye kiroba ukikanyage au utwange taratibu mpaka vipande vikubwa viwe kama punje za mahindi. Usiifanye unga.

KUILISHA

Hapa usiruke hata kama una haraka ya mvua. Njia ninayoipenda ni mboji: unapopanga biwi lako la mboji, kila debe 9 za malighafi ya mboji weka debe 1 ya baiocha, geuza kama kawaida, baada ya miezi miwili mitatu iko tayari na harufu ya biwi inapungua na naitrojeni haipotei sana hewani. Ya pili ni bandani, inyunyize kwenye banda la kuku au zizi la ng'ombe juu ya pumba, inanyonya mkojo na ile harufu kali ya amonia, baada ya wiki kadhaa unasomba vyote kwa pamoja. Ya tatu ya haraka: pipa, baiocha nusu, jaza mkojo wa ng'ombe au tope la bayogesi mpaka ifunikwe, funika wiki mbili tatu, changanya na samadi iliyooza kiasi sawa.

Nepal walifanya majaribio yaliyochapishwa 2015, walitengeneza baiocha kutoka kwenye gugu vamizi, wakailoweka kwenye mkojo wa ng'ombe wakaweka kwenye mizizi ya maboga, kilo 750 tu kwa hekta. Maboga yaliyopata baiocha yenye mkojo yalizaa zaidi ya mara nne ya yale yaliyopata mkojo peke yake, na asilimia 85 zaidi ya yale yaliyopata baiocha peke yake. Baiocha na mkojo ni vilevile, tofauti ni kwamba hapa vilikutanishwa.

KUWEKA SHAMBANI

Vitabu vingi vinasema tani 10 kwa hekta, mkulima mdogo akisikia hivyo anakata tamaa. Sahau kutawanya. Weka kwenye shimo la kupandia. Zile kilo 750 kwa hekta ni kama kilo 300 kwa ekari. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000, kwahiyo kila shimo linapata gramu 33 za baiocha, ukishachanganya na samadi au mboji ni konzi moja iliyojaa.

Sasa rudi kwenye kilo 50 zetu. Tuseme shimo moja la kuchomea linakupa hizo kilo 50, zinatosha sehemu moja ya sita ya ekari. Ekari nzima ni kuchoma mara sita, magunzi tani moja na nusu, ambayo shamba lako peke yake halitoi. Kwahiyo anza na hiyo sehemu moja ya sita ya ekari, au bustani ya mboga karibu na nyumba, au mashimo ya migomba na parachichi ambapo debe moja au mbili zilizolishwa kwa kila shimo zinakaa na mti maisha yake yote. Msimu ujao unaongeza kipande kingine. Haiozi, hakuna haja ya kurudia palepale kila mwaka kama samadi.

Chimba shimo la mbegu kina cha kiganja, weka konzi, weka mbolea yako ya kupandia kama kawaida, funika na udongo kidogo, mbegu, funika. Msimu wa kwanza usipunguze mbolea. Usiiache juu ya ardhi, ni nyepesi, mvua ya kwanza ya mteremko inaisomba yote. Na acha mistari minne au mitano bila baiocha katikati ya shamba, weka vijiti vya alama, wakati wa kuvuna pima kwa kilo pande zote mbili. Angalia hasa pale mvua ikikata wiki mbili, ni kipindi ambacho tofauti huwa inaonekana kwa macho, majani ya upande mmoja yanajikunja mapema kuliko mwingine.

KABONI SASA

Watu wanauliza kila siku kuhusu hela ya kaboni, yaani malipo ya kuzuia hewa ukaa isirudi angani, nitakupa hesabu ufanye mwenyewe. Kilo 50 za baiocha ya magunzi tuseme asilimia 70 ni kaboni, ni kilo 35. Zidisha kwa 3.67 kupata hewa ukaa, inakuja kama kilo 128. Kwa baiocha iliyoiva nyuzi 450 mpaka 600 jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, mwaka 2019 liliweka kwamba asilimia 80 ya kaboni bado itakuwepo udongoni baada ya miaka 100, kwahiyo unabaki na kilo 103 hivi. Hiyo ni sawa na hewa inayotoka kwenye lita 45 za petroli, kutoka kwenye shimo moja la mita moja! Mimi hilo linanipa moyo sana. Ila ukichoma na moshi mwingi toa methani hapo, na ikiishia jikoni badala ya shambani ni sifuri.

Ekari nzima kilo 300 ni tani 0.6 hivi, chini ya tani moja. Ndo maana mtu mmoja hawezi kuuza, miradi inakusanya vikundi vya mamia ya wakulima na inadai picha, tarehe, vipimo na uthibitisho kwamba imeingia udongoni. Tanzania tuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 na kituo cha taifa cha kuratibu kaboni kipo SUA, kwahiyo akija mtu na mkataba kijijini uliza kwanza kama mradi umesajiliwa, hela inagawanywaje, mnafungwa miaka mingapi, na nani anabeba gharama ya kupima. Msisaini siku hiyohiyo, pelekeni kwenye mkutano wa kijiji na mtafute mtu anayeelewa sheria ausome.

Mimi ningekushauri ufanye kwa ajili ya udongo, hela ikija ije. Lakini weka daftari tangu uchomaji wa kwanza: tarehe, debe ngapi za magunzi zimeingia, debe ngapi za baiocha zimetoka, umezilisha nini, umeweka kipande gani cha shamba, na mavuno ya mistari yenye baiocha na isiyo nayo.